Mashine ya kuchomelea na soketi ya chumbani

Ukipita Katoro jioni, au Kakola, au ukishuka Kahama giza likianza kuingia, utauona ule mwanga mweupe wa buluu ukipigapiga ukutani kama radi isiyo na ngurumo. Hapo linachomelewa geti, au dirisha la nondo, au pipa la karasha lililotoboka. Ukanda huu wa machimbo unakula chuma. Karasha la kusagia mawe ya dhahabu huzunguka na gololi zake tumboni mchana na usiku, chuma kinalika kutoka ndani, na siku likitoboka mwenye mali hataki kusikia habari ya kesho. Anamtaka fundi sasa hivi. Ndiyo maana kijana mwenye mashine ya kuchomelea kati ya Shinyanga na Geita hakosi kazi.

Na ndiyo maana mashine zimehamia majumbani. Zamani mashine ya kuchomelea ilikuwa dude la kubebwa na watu wawili, limesukwa na mafundi wetu wa mitaani kwa waya wa shaba na mabati ya transfoma, na makao yake yalikuwa karakana. Siku hizi ipo ile ndogo, inveta, ya kilo chache tu, ina mkanda wa kuning'iniza begani kama redio ya kwenda nayo shambani. Kijana anaitoa dukani, anaifunga plagi ya pini tatu, anachomeka palepale mama anapochomeka pasi. Inawaka. Cheche zinatoka. Naye anaamini kwamba mambo yamekwisha.

Leo nataka tuzungumze juu ya hiyo soketi.

Wako watakaosema jibu ni fupi: apigwe marufuku, aende karakana. Mimi sikubaliani nao. Fremu ya barabarani hudaiwa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, na kuvuta umeme wa fezi tatu ni gharama nyingine. Kumwambia kijana aliyetoka chuo cha VETA Shinyanga na cheti chake mkononi kwamba asiguse mashine mpaka apate karakana ni kumwambia arudi kuchunga ng'ombe wa babu yake. Hatarudi. Atachomelea usiku mlango ukiwa umefungwa, na hapo hatari inakuwa kubwa zaidi. Afadhali ajue soketi ya nyumbani inabeba nini, na ajue la kufanya inapozidiwa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Umeme unaoingia katika nyumba zetu za kawaida ni wa fezi moja, volti 230. Plagi yetu ya pini tatu za pembe nne tuliirithi kwa Waingereza, na ndani yake mna fyuzi ambayo kubwa yake ni ya amperi 13. Zidisha 13 kwa 230, utapata 2,990. Wati elfu tatu kasoro kumi, basi. Hapo ndipo penye mwisho wa soketi yako, hata kama ukuta wenyewe umepakwa rangi ya bei mbaya.

Sasa tuje kwenye mashine. Rodi ya milimita 2.5, ambayo ndiyo ya madirisha na mageti, inataka amperi 70 mpaka 90. Usishtuke. Amperi hizo ni za upande wa kuchomelea, ambako volti ni chache, kama 23 hivi. Ukichomelea kwa amperi 80 unapata wati 1,840 za moto pale kwenye chuma. Lakini mashine nayo ina ulaji wake njiani, na inveta nyingi za bei nafuu huvuta mkondo kwa kudonyoa badala ya kunywa taratibu, kwa hiyo kutoka ukutani zitavuta amperi 13 au 14. Maana yake ni kwamba soketi imeshafika ukingoni, na bado hujafanya kazi kubwa. Pandisha mpaka rodi ya milimita 3.2 kwa amperi 110, inveta hiyohiyo inaomba karibu amperi 20.

Ile mashine ya kusukwa ina kanuni yake, nayo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Iwashe bila kugusisha rodi kwenye chuma, upime volti zake upande wa kuchomelea. Tuseme umepata 55. Zidisha kwa amperi unazochomelea, kisha gawa kwa 230. Kwa amperi 80 jibu ni 19. Kwa amperi 110 jibu ni 26. Hiyo ni mara mbili ya kile ambacho plagi imeandikiwa, na wala hakuna mchawi hapo.

Niseme neno juu ya zile tarakimu kubwa zinazochorwa ubavuni mwa mashine za dukani. Utakuta imeandikwa 250, na muuzaji anakuapia. Amperi 250 za kuchomelea zinahitaji volti kama 30, nazo ni wati 7,500. Hata ingekuwa mashine ya malaika isiyopoteza kitu, ingevuta zaidi ya amperi 32 kutoka ukutani. Kwa hiyo ama ile tarakimu ni ya uongo, ama ile plagi ya 13 iliyofungwa mwishoni ni ya uongo. Mara nyingi ni vyote viwili.

Usisome ubavu, soma kibao kilicho nyuma. Mashine iliyotengenezwa kwa kufuata viwango vya kimataifa ina kibao chenye herufi I na moja ndogo pembeni yake, halafu maneno mawili: max na eff. Ya kwanza ni mkondo mkubwa kabisa ambao mashine itavuta kutoka ukutani. Ya pili ni mkondo ambao waya wako utauhisi ukichanganya muda wa kuchomelea na muda wa kupumzika. Kwa maana mashine hizi hupimwa kwa dakika kumi. Zikiandikwa asilimia 20, maana yake ni dakika mbili za kuchomelea na nane za kupumzika kwa kipimo hicho cha juu. Mashine inayovuta amperi 24 kwa mtindo huo, joto lake kwenye waya ni sawa na la amperi 11 zinazopita mfululizo.

Hapo ndipo ilipo siri ya yule fundi anayekwambia, "Mbona mimi nachomelea nyumbani mwaka wa tatu huu na sijaona kitu?" Anasema kweli. Anachomelea kidogo, anapima, anagonga ulimbo, anasubiri mteja alete nondo nyingine. Waya unapata nafasi ya kupoa. Lakini siku akiletewa pipa la karasha, na mwenye karasha amesimama nyuma yake akihesabu hasara ya kila saa, fundi huyo atachoma rodi moja baada ya nyingine bila kupumzika. Waya uleule uliomvumilia miaka mitatu unaweza kumshinda katika alasiri moja.

Watu hudhani fyuzi itawaokoa. Fyuzi ya amperi 13 haikatiki mara tu amperi zikifika 14. Inaweza kuvumilia 20 kwa nusu saa na zaidi, na wakati huo plagi inapikika. Joto la waya haliongezeki sawasawa na mkondo, bali kwa mraba wake. Kutoka 13 kwenda 20 unaona ni ongezeko la nusu tu, kumbe joto limekuwa zaidi ya mara mbili. Na mahali pa kwanza kuungua si katikati ya waya. Ni pale penye kiungo: skrubu iliyolegea nyuma ya soketi, au waya mbili zilizosokotwa kwa mkono juu ya dari na kufungwa utepe. Rangi ya plagi inageuka kahawia, kunakuwa na harufu ya plastiki, na soketi inalia kama nzi aliyenaswa. Ukiona dalili hizo kazi imekwisha kwa siku hiyo.

Kuna kijana mmoja wa Ndembezi, hapa Shinyanga mjini, ambaye habari yake imenifikia kwa majirani zake. Alipanga chumba katika nyumba ya wapangaji sita, akawa anachomelea uani kwa waya uliopita dirishani. Sakiti breka ya soketi, ya amperi 20, ikawa inakatika kila mara. Rafiki yake akaja na dawa: akaitoa ile ya 20 akaweka ya 40. Haikukatika tena. Wakafurahi, wakanywa soda.

Nataka tusimame hapa kidogo, kwa sababu kosa hili nimeliona likirudiwa na watu wazima wenye akili zao. Breka haikuwekwa pale kuilinda mashine. Imewekwa kulinda waya uliomo ndani ya ukuta. Waya wa soketi nyumbani kwa kawaida ni wa milimita 2.5 za mraba, na breka ya 20 ilikuwa inakatika kwa sababu waya ulikuwa unaomba msaada. Ukiweka ya 40 hujauongezea nguvu, umemfukuza mlinzi aliyekuwa anapiga kelele. Hali kadhalika na msumari au karatasi ya sigara katika nafasi ya fyuzi.

Katika nyumba ile ya Ndembezi kiungo kiliungua juu ya dari, katika chumba cha mama mmoja mwenye mtoto mchanga, ambaye hakuwa na habari yoyote ya mashine. Alisikia harufu, akapiga ukelele, mtu akawahi meini swichi. Hakufa mtu. Dari likatobolewa, waya zikabadilishwa, na kijana akatakiwa kuondoka na mashine yake kabla ya mwisho wa wiki. Mimi simlaumu mwenye nyumba. Ila nasikitika kwamba kazi iliyomtia hasara ingeweza kufanywa kabla, kwa fedha kidogo zaidi.

Kazi hiyo ni kuvuta laini ya peke yake kwa ajili ya mashine. Kutoka kwenye meini swichi, waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, kama ule wa jiko la umeme, wenye breka yake ya amperi 32. Breka hiyo iwe ya aina C, kwa maana mashine ya transfoma hupiga shoti fupi ya kuamka inapowashwa, na ile ya aina B itakatika bila sababu. Mwishoni isiwekwe soketi ya pini za pembe nne. Iwekwe ile ya buluu yenye pini tatu za duara, ya viwandani, ya amperi 32. Soketi, waya na breka viende pamoja. Soketi ya amperi 16 nyuma ya breka ya 32 ni kurudia kosa la Ndembezi kwa sura nyingine. Iongezwe na swichi ya kukata umeme unapovuja, ile ambayo mafundi huiita RCD, ya miliamperi 30. Nyumba ambayo tayari ina laini ya jiko lisilotumika imebahatika: sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanyika, kinachobaki ni kukaguliwa.

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Akague kwanza kama waya unaotoka kwenye nguzo unatosha kubeba mzigo huo pamoja na vingine vya nyumba. Na asiguse lakiri ya mita. Wale wanaounga kwenye nguzo kabla ya mita, mbali ya wizi, wanachomelea kwenye waya ambao hauna breka yoyote ya kuwatetea.

Kwa yule ambaye leo hana fedha ya laini mpya, nitasema wazi, maana najua atachomelea hata nikikaa kimya. Tumia inveta, si transfoma. Tumia rodi ya milimita 2 kwa amperi 60. Hapo mashine inavuta kama amperi 10 na soketi inaimudu. Zima pasi, jagi la maji na friji kwenye laini hiyo. Usitumie adapta ya kuchomeka vitu vitatu. Kila baada ya dakika kumi zima, chomoa, gusa plagi kwa nyuma ya kiganja. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, acha. Na uwe na ndoo ya mchanga karibu, maana moto wa umeme haumwagiwi maji.

Ekstensheni ni ugonjwa mwingine. Ile nyembamba ya televisheni, yenye waya wa milimita 0.75, ukiipitishia amperi 20 kwa mita 30, volti karibu 37 zinapotelea njiani, na zinapotea kwa kuugeuza waya kuwa pasi. Kwa waya wa milimita 2.5 zinapotea kama 11 tu. Halafu fundi anaiacha imeviringwa kwenye kigurudumu chake kwa sababu kazi iko karibu. Waya ulioviringwa hauna pa kutolea joto. Unayeyuka kutoka ndani huku nje ukionekana mzima. Ukunjue wote, hata kama utazunguka ua mara mbili.

Na wenzetu wa vijijini, wanaopata umeme mwishoni kabisa mwa laini, wana tatizo lao. Volti zikishuka mpaka 190 au 180, inveta haipunguzi ulaji. Inaongeza amperi ili ipate wati zilezile. Kwa hiyo hesabu zangu za hapo juu kwao ni mbaya zaidi. Nyumba nyingi za vijijini ziliunganishwa kwa ada ya shilingi 27,000, na nyingine zikafungiwa kile kibao cha Umeme Tayari, UMETA, chenye taa na soketi zake. Ni kitu kizuri sana kwa taa, simu na redio hii unayonisikilizia. Si cha kuchomelea. Tunasikia bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limekuwa likizalisha umeme tangu Februari 2024, na laini kubwa ya kutoka Iringa mpaka Shinyanga tunaiona kwa macho ikipita mashambani. Ni maendeleo ya kweli. Lakini waya wa chumbani kwako haujanenepa kwa sababu ya Rufiji.

Jambo la ethi watu wa Usukumani wana sababu ya kulijali kuliko wengine. Fimbo ya ethi inategemea unyevu wa udongo. Mbuga zetu mwezi Machi zimeloa, fimbo inashika vizuri. Mwezi Septemba udongo huohuo umepasuka nyufa za kuingiza mkono, na ile fimbo inasimama kwenye vumbi. Fundi aliyepima ethi wakati wa masika na kukupa mkono wa pongezi, mwite tena wakati wa kiangazi apime na kipimo chake. Ikibidi aongeze fimbo ya pili, au aizamishe zaidi. Ethi ikiwa mbovu na mashine ikavuja, bodi la mashine linakuwa na umeme, na wewe umelishika huku umevaa kandambili.

Halafu kile kibanio cha kurudishia mkondo: kifungwe kwenye chuma chenyewe unachochomelea, karibu na rodi. Nimeona mtu akikibana kwenye bomba la maji au nguzo ya banda, eti vyuma vyote vinagusana. Mkondo wa amperi 100 utatafuta njia ya kurudi nyumbani, na ukikuta waya mwembamba wa ethi ya nyumba ndiyo njia rahisi, utapita humo na kuuchoma. Ethi ya nyumba nzima itakuwa imekwisha na hakuna atakayejua, kwa sababu taa bado zinawaka.

Upo pia ugomvi wa LUKU. Fundi anayechomelea rodi ya 2.5 kwa saa mbili kamili za moto kwa siku atakula uniti nne na ushei. Siku 20 za kazi ni uniti zaidi ya 80, na kundi la matumizi madogo la nyumbani kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi. Wapangaji wanaochangia mita moja waelewane mapema, kabla hawajaanza kutupiana maneno uani. Mita ya peke yake ndiyo dawa.

Nimalizie na jenereta, kwa sababu kule kwenye maduara ndiyo umeme wenyewe. Kwa rodi ya 2.5 jenereta ya KVA 5 inatosha. Ile ndogo ya KVA 2 ya taa za duka utaiua. Ikae nje, mbali na dirisha, moshi wake haunuki sana lakini unaua. Na kuna mchezo mmoja nataka ukome: ule waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta na mwingine kwenye soketi ya ukutani, ili nyumba nzima iwake umeme wa TANESCO unapokatika. Pini za upande ule mwingine zina volti 230 hadharani. Vilevile, kama meini swichi haikuzimwa, umeme huo unarudi nyuma, unatoka mpaka kwenye transfoma ya mtaa, unapandishwa kuwa maelfu ya volti, na huko juu ya nguzo kuna mtoto wa mtu amepanda kurekebisha laini anayoamini imekufa. Kinachotakiwa ni swichi ya kubadilishia, yenye nafasi mbili, ambayo haiwezi kushika umeme wa TANESCO na wa jenereta kwa pamoja. Inauzwa madukani Kahama na Mwanza.

Habari ya miwani ya jua inayotumika badala ya kinyago, na macho ya mchanga usiku wa manane, nilitaka kuigusa lakini muda wangu umekwisha. Tutaizungumza wiki ijayo, panapo majaliwa.